Mlo wa Msafiri wa Ndege na Kanuni ya Boyle

Viwanja vingi vikubwa vya ndege duniani vina mikahawa iliyopambwa ili kuwaburudisha abiria wanaosubiri safari. Mmojawapo ulikuwa Encounter, katika uwanja wa Los Angeles, Marekani, uliopambwa kwa mandhari ya safari za anga za juu. Ulifunguliwa mwaka 1997 ukafungwa mwaka 2013. Abiria aliyekula humo alikula karibu na usawa wa bahari. Muda si muda chakula hichohicho kilikuwa pamoja naye mahali penye hewa hafifu. Je, tumboni hutokea nini?

Ndege kubwa za abiria aghalabu huruka kwenye kimo cha mita 10,000 hadi 12,000. Kwa kuwa hewa ya huko haimtoshi binadamu, mitambo hushindilia hewa ndani ya ndege. Hata hivyo, kanieneo, yaani nguvu ya hewa juu ya kila eneo inaloligusa, haifanywi kuwa sawa na ile ya pwani, kwani ndege ingelazimika kuundwa nzito zaidi ili kuihimili. Huachwa ishuke hadi ifanane na ile ya mlimani, kwenye kimo cha mita 1,800 hadi 2,400.

Mwaka 1662 mwanasayansi Robert Boyle alieleza kwamba, iwapo joto halibadiliki, ujazo wa gesi huongezeka kadiri kanieneo inavyopungua. Katika usawa wa bahari kanieneo ya hewa ni kilopaskali 101 hivi. Kwenye mita 2,400 ni 76 hivi. Kwa hiyo gesi iliyomo tumboni mwa abiria aliyepanda ndege Dar es Salaam huweza kutanuka kwa takriban theluthi moja. Kwa yule aliyepanda Nairobi, kwenye mita 1,600 hivi, ongezeko ni kama sehemu moja ya kumi tu, kwa sababu hewa ya Nairobi yenyewe tayari ni hafifu.

Ndiyo maana uteuzi wa chakula una maana. Soda hubeba gesi yenye ujazo mara tatu hivi ya soda yenyewe. Sehemu kubwa hutoka kwa mbweu, nyingine hubaki. Maharage nayo yana sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzimeng'enya. Sukari hizo hufika katika utumbo mpana, ambako bakteria huzichachusha na kutoa gesi. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, hivyo maharage yaliyoliwa uwanjani huanza kuleta gesi wakati abiria yumo angani. Vyakula vyenye mafuta mengi navyo hukawia tumboni.

Kwa mtu mwenye afya njema, matokeo ni kuvimbiwa tu. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo karibuni, jambo hili ni zito: gesi inayotanuka huweza kuvuta mshono ambao haujapona. Kwa sababu hiyo, baada ya upasuaji mkubwa wa tumbo, madaktari aghalabu hushauri mgonjwa asubiri siku 10 hivi kabla ya kusafiri kwa ndege. Mgonjwa wa namna hiyo yampasa amwulize daktari wake kabla ya kukata tiketi.

Abiria wengine watafaidika kwa kula kiasi, wali na samaki kwa mfano, na kunywa maji badala ya soda.