Marashi yana kemikali? Hiyo haimaanishi ni feki

MTAANI ukisema marashi ni "kemikali tu", watu wanaelewa kwamba ni feki. Kama unaishi Silanga, Kibera, na hununua yale ya refil, ya kupimiwa kwa mililita, pengine ushachekwa hivyo.

Usikubali haraka. Hata chupa ghali kwenye maduka ya mabwanyenye ina kemikali za maabara. Ndizo huleta ule mng'ao unaokugonga puani ukijipulizia tu: harufu ya limau, ya maji baridi, ya shati lililoanikwa juani.

Kisa hiki ni cha zamani. Mwaka 1921, Ernest Beaux alipounda Chanel No. 5, alitia asumini na langilangi, maua wanayoyajua vizuri akina mama wa Pwani. Lakini aliongeza pia aldehidi, viungo vya maabara vinavyonukia kama sabuni na maganda ya chungwa. Maua yakachangamka.

Baadaye wanakemia wa kampuni ya Firmenich, Geneva, walichunguza asumini, wakatengeneza Hedione. Hii haina uzito wa ua lenyewe. Ni nyepesi, kama dirisha limefunguliwa chumbani. Mwaka 1966 Edmond Roudnitska aliitumia kwenye Eau Sauvage ya Dior.

Je, unapenda Drakkar Noir (1982) au Cool Water (1988)? Zote zina dihidromirsenoli kwa wingi. Kiungo hicho hutiwa pia kwenye sabuni za kufulia, ndiyo maana ukinusa unahisi usafi.

Sasa tuje kwa pesa zako. Molekuli hizi za mng'ao nyingi ni nyepesi, hupaa upesi. Zile nzito, kama za miski, hubaki nyuma. Kwa hivyo mng'ao ukiisha kabla ufike tao, si lazima umepigwa. Usinunue kwa mnuso wa kwanza. Jipake kidogo mkononi, zunguka nusu saa, kisha uamue.

Na usidhani "asilia" maana yake ni salama. Limonini, iliyo kwenye maganda ya limau, ikikaa sana na hewa hubadilika na inaweza kuwasha ngozi, itoke kwa mti au maabara. Chumba cha mabati kikichemka mchana, weka chupa yako mbali na paa na jua, na uifunge vizuri. Marashi mapya yajaribu kwanza ndani ya kiwiko, usubiri hadi kesho. Ukiona vipele, acha.

Feki ni kitu kingine kabisa: ni chupa inayojifanya ya mtu mwingine, au isiyosema imetoka wapi. Yenye alama ya ubora ya KEBS ina nambari ya kibali. Andika SM#, ufuatishe nambari hiyo, utume kwa 20023 ujue kama ni halali.

Na wewe kijana unayeuza refil, usibandike jina la Dior kwenye mafuta ambayo Dior hawajawahi kuyaona. Andika "yanakaribia" harufu fulani, uweke tarehe uliyochanganya na namba yako ya simu. Mteja akiwashwa, ajue pa kukupata. Asipowashwa, atarudi na mabeshte.