Ukileta kasuku nyumbani, nani atamrithi?

Ndugu msomaji, hii mambo unaijua. Baba ametoka machimboni upande wa Shabunda, amekaa huko miezi mitano. Siku anafika Uvira watoto wanakimbia kumpokea, naye anafungua kitunga: ndani kuna ndege wa kijivu, mkia mwekundu kama pilipili. Kasuku! Majirani wanajaa uani. Miezi inapita, na siku moja ndege anamwita mama kwa sauti ya baba. Wote wanacheka mpaka machozi.

Lakini nani aliuliza: huyu ndege ataishi miaka ngapi?

Mbwa akifika miaka 15 tunamwita mzee. Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri anaweza kufika miaka 40, hata 60. Sasa fanya hesabu wewe mwenyewe. Tuseme una miaka 38. Ndege akifika 50, wewe utakuwa karibu 88, kama Mungu akikupa. Yule mtoto aliyekimbilia kitunga atakuwa na wajukuu wake.

Au hesabu kwa kurudi nyuma. Kasuku aliyetoka katika yai mwaka 1976, mwaka SOMINKI ilipoundwa, angeweza kuwa hai mpaka leo. Angejifunza kusema wakati tulikuwa tunalipa soko kwa zaire. Vita ya 1996 ilipofika Uvira angekuwa na miaka 20. Mwaka 1997 SOMINKI ilikwisha, na Zaire ikawa Kongo. Yeye yuko tu katika tundu. Aprili 2020, Mulongwe ilipojaa na kubomoa nyumba za watu, ana miaka 44.

Katika miaka hiyo yote, ni mara ngapi watu wa Uvira walikimbia, godoro kichwani, wengine kwa mtumbwi, wengine kwa mguu kuelekea Gatumba? Siku ya namna ile nani anabeba tundu la ndege? Silaumu mtu, mzazi anaokoa watoto kwanza. Lakini mbuzi akikatwa kamba anakimbia. Ndege aliyefungiwa, tena aliyekatwa mabawa, anangoja yule aliyemzoea.

Na kuzoea kwake si mchezo. Porini kasuku analala pamoja na wenzake, mamia katika miti mamoja, naye ana mwenzi wake. Nyumbani kwako, wewe ndiye kundi lake. Ukifa, au ukienda Lubumbashi kutafuta kazi, anaweza kuanza kujing'oa manyoya mpaka kifua kinabaki uchi. Watu watasema, “Iyi ndege wameiloga.” Hapana, mara nyingi ni upweke tu. Akili yake ni kubwa kuliko tunavyodhani. Kule Marekani mwalimu mmoja, Irene Pepperberg, alinunua kasuku wa kijivu mwaka 1977, akamwita Alex. Alex alijifunza kutaja rangi na kuhesabu vitu mpaka sita. Alikufa 2007 akiwa na miaka 31, na wenye kujua kasuku walisema amekufa kijana.

Kumtunza, basi. Mpe ngazi, papai, mboga za majani, mahindi yaliyochemshwa. Usimpe avoka hata kidogo, ni sumu kwake. Chumvi, kahawa na pombe vilevile. Wale wanaomnywesha bia ili wageni wacheke, waache. Tundu lisikae karibu na mbabula, moshi unaharibu mapafu yake. Na wewe unawe mikono ukisafisha mavi yake, kwa sababu kasuku anaweza kumwambukiza mtu ugonjwa wa mapafu.

Wewe ambaye hujanunua bado, ngoja nikuambie anatoka wapi. Kwao si hapa kwenye joto la Ruzizi. Kwao ni misitu mikubwa, upande wa Maniema na Tshopo. Wanamnasa kwa ulimbo, na wengi wanakufa katika safari mbele ya kufika sokoni. Huko Ghana waliisha karibu wote tangu 1992. Kwa sababu hiyo tangu Januari 2017 mapatano ya mataifa yanayoitwa CITES yamemweka katika orodha ya kwanza, ile inayokataza biashara ya ndege wa porini kati ya nchi na nchi. Umri wake pia hutaambiwa kweli. Mtoto wa kasuku ana macho meusi-meusi, baadaye yanageuka manjano. Kutoka hapo, wa miaka 5 na wa miaka 30 ni sawa kwa macho. Zawadi ya watoto? Leta kitambaa, leta mupira.

Kama yuko nyumbani tayari, usifungue tundu ukasema umempa uhuru. Hajui kutafuta chakula, na Uvira hakuna msitu wake. Kituo cha Lwiro, kilichoanzishwa 2002 upande wa Kavumu kwa ajili ya sokwe yatima, kimepokea kasuku pia, lakini nafasi haiwezi kutosha ndege wote wa Kivu.

Kwa hiyo jioni hii, mkimaliza bugali, uliza: “Nikifa mimi, tundu hili linaenda kwa nani?” Usishangae wakinyamaza kwanza. Yule atakayekubali, kesho asubuhi yeye ndiye ampe ndege maji, ili auzoee mkono wake wakati wewe ungali hapo.