«Prof, wewe agronomi imekupa nini?»

Ndugu zangu wa chama, leo niruhusuni niongee juu ya swali moja nililoulizwa na mtoto wa mwaka wa nane hapa Kilibula. Mpaka sasa haliniachi.

Nilikuwa namshikia nafasi prof mmoja mgonjwa, kozi ya biolojia, miezi 2. Ilikuwa kile kipindi wanafunzi wako wanachagua seksio. Nikawaambia: wenye kupenda sayansi msiogope, nendeni Bio-Chimie. Msichana mmoja wa nyuma akainua mkono: «Prof, wewe ulisoma agronomi miaka 5. Imekupa nini?» Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka, lakini jibu sikuwa nalo. Nilikuwa na lisansi yangu, shamba dogo la kukodi upande wa Kiliba, na kazi ya kuzungusha maulizo ya miradi pale inapopatikana. Mtoto alikuwa na haki ya kuuliza.

Naandika hapa juu wengi wetu tutapita darasani, tupende tusipende. Na tukifika pale tunarudilia yale tuliyofanyiwa: prof anasoma, wanafunzi wanaandika kwenye kaye, siku ya interro wanarudisha maneno yale yale. Mimi nilichora jani kwa tablo miaka yote ya sekondari bila hata siku moja kuambiwa nitoke nje nikashike jani. Halafu tunashangaa watoto wanakimbilia Pedagojia na Komersiale!

Wiki ile nikaacha kaye pembeni. Niliwauliza: mihogo ya kwenu inagonjwa? Wote: ndiyo, majani yanajikunja, yanakuwa na manjano. Ni mozaiki hiyo, kila mtu wa bonde la Ruzizi anaijua kwa macho. Inatoka wapi? Mmoja akasema udongo umechoka. Mwingine akasema mvua. Mwingine, bwana, akasema ni jirani mwenye roho mbaya. Sikuwakatalia. Nikaandika majibu yote 3 kwa tablo, nikawaambia tutajaribu.

Tulikata vijiti 10 kwenye mihogo yenye mozaiki, na vijiti 10 kwenye mihogo inayoonekana mizima. Tukavipanda nyuma ya darasa, udongo ule ule, siku ile ile, maji sawa. Kila kijiti na namba yake. Mbuzi za jirani zilikula 3, tukaandika pia: «3, mbuzi». Baada ya wiki kama 4, vijiti vilivyotoka kwenye mihogo mgonjwa vilitoa majani yaliyokunjamana tangu mwanzo. Vya mihogo mizima vilikuwa vizuri, isipokuwa 2. Basi udongo haukuwa na kosa, mvua pia, na yule jirani akapumzika. Ugonjwa ulikuwa ndani ya kijiti chenyewe tunachopeana kutoka shamba hadi shamba.

Lakini wale 2? Hapo ndipo darasa liliamka. Siku ile sikuongea sana, wao ndio walibishana. Mmoja akaenda kugeuza majani, akaona vijidudu vyeupe vidogo vinaruka. Ni nzi weupe, wanabeba virusi kutoka mmea hadi mmea. Ingewezekana pia vile 2 vilikuwa na ugonjwa tayari bila kuonyesha. Nikawaambia: sijui ni ipi kati ya hizo, na kwa jaribio letu hatuwezi kujua. Tungefanya nini ili tujue? Walipendekeza chandarua. Watoto wa mwaka wa nane, hawajaambiwa na mtu!

Jaribio lile halikudai laboratware, halikudai hata franka moja. Nasema hivyo juu sababu yetu ya kwanza huwa ni «hatuna vifaa». Ni kweli hatuna. Ila tuko na Ziwa Tanganyika mlangoni, kina mita 1470, la pili duniani kwa urefu wa kwenda chini baada ya Baikal. Kila mtoto wa hapa anajua kwamba usiku wa mwezi mkubwa ndagala zinakuwa chache. Nani amewahi kumuuliza kwa nini? Taa za walobaji zinavuta samaki kwa sababu kuna giza. Mwezi ukijaa, taa inapoteza nguvu. Hiyo ni fizikia na biolojia pamoja, na shahidi ni baba yake mwenyewe. Kutoka hapo unaweza kwenda mbali: mwaka 2003 watafiti waliandika kwenye jarida la Nature kwamba maji ya juu ya ziwa letu yamepata joto, hayachanganyiki tena vizuri na yale baridi ya chini yenye chakula cha mimea midogo. Mimea ikipungua, samaki wanaoitegemea nao wanapungua. Uvuvi wa kupita kiasi uko pia kwenye hesabu, lakini mtoto akishaelewa joto na uzito wa maji, anaelewa kwa nini sahani ya mama imebadilika.

Vivyo hivyo klori inayotiwa kwenye bidoni wakati wa kipindupindu: kwa nini tunangoja dakika 30 kabla ya kunywa? Mihogo michungu: kwa nini mama anailowanisha siku kadhaa? Mama hajui neno sianidi, lakini kazi ya kuitoa anaifanya.

Neno la lugha. Kozi ni ya Kifaransa, Exetat ni ya Kifaransa, sikatai. Lakini nimeona mtoto anayekaa kimya kwa Kifaransa akibishana kama wakili kwa Kiswahili. Tuache wafikiri kwanza, halafu tuwape maneno ya mtihani. Tukigeuza, wanashika maneno bila kitu ndani.

Na watu je? Wakisikia «mwanasayansi» wanaona mzungu mwenye miwani. Waambieni juu ya profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongomani, aliyefika Yambuku mwaka 1976 akachukua damu ya mgonjwa wa ugonjwa ambao haukuwa na jina bado. Ndio Ebola. Na baadaye dawa moja ya Ebola ilitoka kwenye damu ya mtu aliyepona Kikwit mwaka 1995. Karibu zaidi, tuko na kituo cha utafiti wa ziwa, CRH, hapa hapa Uvira. Mimi niliingia mule mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa chuo, na nilikulia mji huu! Barua moja ya prefe na matembezi kwa miguu, ndiyo gharama.

Narudi kwa lile swali. Siku ya mwisho nilimjibu yule msichana mbele ya wote. Nilimwambia agronomi haijanipa mshahara wa kila mwezi bado, na asidanganywe kwamba diplome ya sayansi ni funguo ya ofisi. Nikamwambia na kile ilichonipa: shamba langu silipandi kwa kubahatisha, na majirani 6 wanakuja kuniuliza vijiti vya kupanda. Naona tukiwaficha watoto ugumu, watatukuta barabarani mwaka wa 5 baadaye na kutuita waongo.

Hakusema kitu. Niliposikia tena habari zake alikuwa ameingia Bio-Chimie. Mama yake alitaka Komersiale, walivutana mpaka shangazi akaingilia.

Mwezi uliopita alinitumia picha kwa simu ya kaka yake. Muhogo uliopasuliwa katikati, ndani una madoa ya kahawia yaliyokauka. «Prof, majani yalikuwa karibu mazima. Hii si mozaiki, eeh?»

Naona inafanana na ugonjwa ule mwingine, wa michirizi ya kahawia. Sikumwambia. Nilimwandikia: pasua mingine 10, uhesabu mingapi iko hivyo, uniambie na vijiti mlivitoa wapi.