Maji ya Unguja na Viwanja Vilivyo Wazi

Katika mambo mengi aliyoyafanya Sayyid Barghash bin Said tangu alipokalia kiti cha usultani wa Zanzibar mwaka 1870 hadi alipofariki mwaka 1888, wageni hupenda kuonyeshwa jumba la Beit el Ajaib kwa ukubwa wake na nguzo zake. Lakini nikiulizwa lipi katika hayo liliwafaa watu wengi zaidi, jawabu langu ni moja, nalo ni mfereji alioujenga kutoka chemchem za Bububu, maili chache kaskazini ya mji, ukawaletea wakaazi wa Mji Mkongwe maji matamu pasipo malipo. Kabla ya hapo watu walikunywa maji ya visima vya mjini, ambavyo aghalabu vilikuwa na chumvi na vilipakana na vyoo, na kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870, ambacho habari zake ziliandikwa kwa urefu na tabibu James Christie aliyekuwa akiishi Unguja wakati huo, kilichukua roho za watu kwa maelfu. Sayyid Barghash alikuwa amepata kukaa Bombay akiwa uhamishoni, akayaona kwa macho yake mambo ambayo mji mkubwa wa bandari hauwezi kuyakosa. Na aliposhika dola alifahamu kuwa maji ni kazi ya hazina, si kazi ya kila mtu na kisima chake.

Fahamu hiyo ndiyo ninayoitafuta leo katika bajeti zetu, nami naiona imekatwa vipande. Maji yana wizara yake na mamlaka yake, bustani zimeachiwa mabaraza ya manispaa, na upimaji wa viwanja na upanuzi wa mji vimo mikononi mwa ofisi nyingine kabisa. Kila mmoja huomba fungu lake, na bustani, ambayo ndiyo dhaifu katika waombaji, hupewa kilichosalia. Rai yangu ni kwamba katika kisiwa cha namna ya Unguja mambo hayo matatu hayatengeki, na kwamba shilingi inayotolewa kuihifadhi ardhi iliyo wazi imetolewa kwa ajili ya maji, sawasawa na ile inayonunua bomba.

Sababu imo chini ya miguu yetu. Unguja haina mto mkubwa wa kuzuiwa kwa bwawa, wala haina ziwa la kutegemewa, wala mlima mrefu wa kukusanya mawingu. Maji tunayokunywa, tunayopikia na tunayotawadhia karibu yote ni mvua iliyozama. Mvua hiyo, ambayo kwa mwaka wa kawaida hukaribia milimita 1,600, hushuka kwa wingi wakati wa masika na kwa kiasi wakati wa vuli, ikapenya katika udongo wa nchi ya magharibi na ya kati, ikapita katika nyufa za mawe ya matumbawe, kisha ikatua chini kwa chini, tabaka la maji matamu lililoelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi. Anayechota kwa kiasi huchota matamu. Anayechota kupita kile kinachorudishwa na mvua huipandisha bahari ndani ya kisima chake, na kisima kilichoingiliwa na chumvi hakitengenezwi kwa kubadilishiwa pampu. Kwa ajili hii waliotutangulia waliutenga msitu wa Masingini, juu ya miinuko iliyo nyuma ya Bububu, uwe hifadhi ya vyanzo vya maji, nao wakaaji wa mji wanaokunywa kwa sababu ya miti ile wengi wao hawajapata kuikanyaga.

Sasa na tuutazame mji. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu 205,870 katika Wilaya ya Mjini na 184,204 katika Wilaya ya Magharibi. Miaka 10 baadaye ile ya kwanza ilikuwa imefika 223,033 tu, ilhali ya pili imefika 370,645, yaani imeongezeka mara mbili. Ilipofika sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake ulikuwa na watu 893,169, karibu nusu ya watu wote 1,889,773 wa Zanzibar. Maana ya hesabu hizi ni kwamba mji wetu haukui kwa kupanda juu wala kwa kujaza mapengo yaliyomo ndani yake, bali hukua kwa kutambaa. Na unapotambaa, njia yake ni ile ile ardhi ya mikarafuu, minazi na miembe ambayo kwa dahari nyingi imekuwa ikiyanywa maji ya masika kwa niaba yetu.

Ekari moja ya ardhi, kwa mvua niliyoitaja, hupokea kwa mwaka lita zipatazo milioni 6 na nusu. Si zote zizamazo, kwa kuwa jua huchukua fungu lake na miti huchukua lake. Walakini ekari hiyo ikifunikwa kwa mabati, zege na lami, hapazami ila kidogo mno, na maji ambayo yangeshuka taratibu yakawa akiba ya kiangazi hukimbilia penye bonde. Watu wa Sebleni na Mwanakwerekwe wanaijua hesabu hii bila ya kushika kalamu. Mwezi wa Aprili maji huwaingilia vyumbani, magodoro yakapandishwa juu ya meza na watoto wakabebwa mabegani kuvushwa barabara. Na jua la Februari likiwaka, pengine watu hao hao husimama na madumu yao mbele ya mfereji usiotoa kitu, au hununua maji kwa anayeyachukua kwa gari, kwa bei inayokula chakula cha siku. Kiu ile na gharika ile zimetokana na kosa moja, nalo ni kuyanyima maji mahali pa kuzama. Serikali imejenga mitaro mikubwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, nami siidharau kazi hiyo, maana imewaondolea wengi adha. Lakini mtaro unaoyapeleka maji baharini huiokoa nyumba, hauokoi kisima.

Fauka ya hayo, maji yasiyopata pa kuzama kwa usafi huzama penye uchafu. Sehemu kubwa ya Ng'ambo, yaani upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, na vitongoji vipya hutegemea makaro na vyoo vya shimo, na mafuriko yanapoyajaza, yaliyomo humo huchanganyika na yaliyomo visimani. Kipindupindu kilichotushukia mwaka 2015 na kuendelea hadi mwaka 2016, kikalaza wagonjwa kwa maelfu, kilitukuta katika karne ya 21 tukiwa na udhaifu ule ule aliouandika Christie.

Hapa ndipo bustani inapoingia, nami naomba isitazamwe kuwa ni pambo. Bustani ya Forodhani ilifunguliwa mwaka 1936 kwa kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sayyid Khalifa bin Harub, na ilipokwisha kuchakaa ikatengenezwa upya kwa gharama za Wakfu wa Aga Khan wa utamaduni, ikafunguliwa tena mwaka 2009. Kila jioni, jua likizama, hujaa watu wa kila tabaka, wenyeji na wageni, vijana wakijirusha baharini kutoka ukingoni, wazee wakipunga upepo, na wauzaji wa mishikaki na maji ya miwa wakijipatia riziki zao. Kutoka hapo kuna Bustani ya Jamhuri huko Vuga, na viwanja vya Mnazi Mmoja, ambavyo kwa kuwa ardhi yake iko chini maji ya bamvua huviingilia. Lakini vyote hivyo vimo ndani ya Mji Mkongwe au ukingoni mwake, ambako wakaao ni wachache kuliko wakaao ng'ambo ya ule mkono wa bahari uliofukiwa pale Darajani. Mama wa Kwahani au wa Amani anayetaka kumpeleka mwanawe penye nyasi na kivuli, asiogope gari, hana karibu naye ila majani yaliyoachwa baina ya barabara za Michenzani, na uwanja wa skuli ikiwa lango liko wazi. Watoto hucheza mipira yao barabarani, na kila mwaka viwanja walivyokuwa wakichezea kaka zao huonekana vimezungushiwa ukuta, pasiwe na ajuaye ni nani aliyetoa ruhusa.

Kiwanja cha ekari 2 kilichopandwa miembe na mikungu, kikachimbwa kidogo katikati ili maji ya mitaa iliyokizunguka yapate kutua na kuzama, hufanya kazi ya bustani kwa miezi 10 na kazi ya uhandisi wa maji kwa miwili iliyobaki. Watu watakaa chini ya kivuli chake bila ya kujua kwamba kinawajazia visima, na hakuna ubaya katika kutojua kwao. Ila wanaopitisha bajeti hawana ruhusa ya kutojua.

Itasemwa kwamba watu wanaongezeka na sharti wapate pa kukaa, na kwamba kuacha viwanja wazi ni kuwanyima makazi wenye haja. Hoja hii ni ya insafu na yastahiki jawabu. Mji wa Unguja umepata mipango mingi: ule wa Mwingereza Lanchester wa mwaka 1923, ule wa mafundi wa Ujerumani ya Mashariki wa mwaka 1968, ule wa Wachina wa mwaka 1982, na katika ule wa pili ndimo yalimotoka majumba marefu ya Michenzani. Watu wana maneno mengi juu ya majumba yale, kuwa yalibomoa mitaa yenye uhai na kuwaweka jirani mbali na baraza zao, na maneno hayo yana haki. Lakini yalilifahamu jambo moja ambalo sisi tumelisahau, kwamba nyumba ya ghorofa humweka mtu juu ya mtu mwenzake na kuiacha ardhi ikipumua. Si lazima tujenge majengo ya urefu wa robo maili. Nyumba za ghorofa 3 au 4, zenye ua ndani na duka chini, zikijengwa pole pole katika mitaa ya Ng'ambo ambako mabomba, nguzo za umeme na njia za daladala zimekwisha kufika, zingewapokea maelfu bila ya kung'olewa hata mkarafuu mmoja huko Dole. Mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, ulioendeshwa na idara ya serikali ya mipango miji pamoja na mji wa Amsterdam, uliwauliza wakaazi wenyewe mahali gani wanapathamini na kwa nini, na majawabu yao yamekwisha kuandikwa.

Kupanga hivyo kuna faida ya fedha pia. Bomba la kumfuata mtu mmoja aliyejenga Fuoni ndani, na mwingine aliyejenga Chukwani, na wa tatu baina yao penye mwamba mtupu, hugharimu kwa kila nyumba maradufu ya bomba linalopita katika mtaa uliojaa. Na kila urefu unaoongezwa ni viungo vya kuvuja na nguvu za pampu za kulipiwa. Kuhusu nguvu za pampu, tunalo somo letu wenyewe: waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka bara uliharibika Disemba 2009, kisiwa kikakaa gizani hadi Machi 2010, na kilichowatesa watu zaidi ya kukosa taa ni kukauka kwa mifereji.

Nani basi alipe? Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 maji yalikuwa bure, na wengi wetu tumelelewa katika itikadi hiyo. Sera ya Maji ya mwaka 2004 na sheria ya mwaka 2006 iliyounda Mamlaka ya Maji ndizo zilizoleta ankara. Mimi ni katika wanaoona kuwa ankara ni haki, mradi wa chini kabisa apate ndoo zake za lazima kwa bei asiyoihisi. Mikopo nayo ina kazi yake, na ule wa dola milioni 92 kutoka Benki ya Exim ya India ni mkubwa kwa nchi ndogo. Lakini mkopo huchimba kisima na kulaza bomba, haumlipi mlinzi wa chanzo wala fundi wa kuziba pavujapo mwaka wa 10. Fedha za kila mwaka sharti zitoke humu humu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na jumuiya ya Kiingereza ya Tourism Concern ulionyesha kwamba katika vijiji vya pwani yetu nyumba ya mwenyeji hutumia wastani wa lita 93 kwa siku, ilhali chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano hutumia zaidi ya lita 3,000. Mwenye kunywa hivyo hatadhulumiwa akitakiwa aichangie mvua. Ushuru wa miundombinu upo tayari na wageni hulipa kila walalapo; kinachotakiwa ni kifungu cha sheria kitakachotenga sehemu yake inayojulikana, isiyogusika kwa dharura nyingine yoyote, kwa vyanzo vya maji na viwanja vya wazi kwa pamoja.

Tena tunayo ada yetu ya kale. Wazee wa pwani waliokuwa na uwezo walichimba visima na kuviweka wakfu, wakatoa duka au shamba ili kipato chake kiwatengenezee wanywaji ndoo na kamba, na kisima cha namna hiyo hakiuzwi wala hakirithiwi. Kamisheni ya Wakfu ipo, na sioni kwa nini kiwanja cha Tomondo au cha Mpendae kisiwekwe chini ya hukumu hiyo hiyo, kwa jina la aliyekitoa au la umma wote, mikungu yake na shimo lake la kupokea mvua vikiwa mali isiyoweza kukatwa viwanja na afisa yeyote atakayekuja baadaye.

Baraza la Wawakilishi hukaa kuijadili bajeti wakati masika yanapoisha, matope bado yakiwa mlangoni mwa watu. Ningetamani kila mjumbe wa Magharibi asimame amuulize waziri, kwa jina la shehia moja moja, ni ekari ngapi zilizoandikiwa hati kuwa hazitajengwa, ziko umbali gani na kisima cha karibu, na ni fungu gani la mwaka huu litakalopanda miti juu yake na kumlipa wa kuzilinda.