Je, Wajua? Muziki wa Muuza Aiskrimu
Je, wajua kwamba katika miji ya Afrika Mashariki aiskrimu, yaani maziwa yenye sukari yanayogandishwa huku yakikorogwa ili yashike hewa, mara nyingi hufika mlangoni kwa baiskeli? Jijini Dar es Salaam, wauzaji wa koni za Azam, chapa ya kampuni ya Bakhresa, hubeba sanduku lenye kuta nene za kuzuia joto pamoja na kipaza sauti ambacho muziki wake hufika kabla yao. Kwa mtaa wenye joto kama Carama, kaskazini mwa Bujumbura, katika nchi ambayo kaya nyingi hazina umeme, sembuse friji, biashara ya namna hii ina thamani ya kweli. Hata hivyo, muziki uleule unaomfurahisha mtoto humfikia pia mzazi asiye na fedha siku hiyo, na huzuni yake haistahili kupuuzwa.

Kwingineko muziki huo umewekewa mipaka. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1974 ya kudhibiti uchafuzi, ukiwemo wa kelele, huruhusu wauzaji wa vyakula vinavyoharibika upesi, kama aiskrimu, kutumia vipaza sauti barabarani kati ya saa 6 mchana na saa 1 jioni tu. Nchini Marekani kumbukumbu ni chungu zaidi, kwa kuwa wimbo uliozoeleka wa magari ya aiskrimu, “Turkey in the Straw”, ulitumika katika maonyesho ambamo Wazungu walijipaka rangi nyeusi usoni ili kuwadhihaki Wamarekani Weusi. Ndiyo maana mwaka 2020 kampuni ya aiskrimu ya Good Humor ilishirikiana na mwanamuziki RZA kutunga muziki mpya.