Jinsi mivukuto ya kinanda cha miguu inavyoweza kutulizwa kelele

Waumini wanapoinamisha vichwa kwa sala ya kimya, au mwimbaji anapoishusha sauti yake hadi ikawa mnong'ono, hapo ndipo kinanda cha kukanyagwa kwa miguu hufichua aibu yake. Muziki wake huwa umefifia, na badala yake husikika "pu! pu!" ya pedali, mlio wa springi iliyokauka na mhemo wa hewa mfano wa mzee aliyepanda mlima. Mpigaji naye hana la kufanya, maadamu akiacha kukanyaga kwa muda mfupi tu ala yenyewe itakata roho.

Kero hii imewafanya wengi wavitupe stoo vinanda vyao, au waviunganishe na mota ya umeme. Mota huipumzisha miguu, lakini huleta mvumo wake usiokoma, na zaidi ya hayo humpokonya mpigaji uwezo wa kuikuza na kuififisha sauti kwa nguvu za nyayo zake. Hiyo ni hasara kubwa kwa ala ambayo thamani yake imo miguuni kama ilivyo vidoleni. Kabla ya kuchukua hatua hiyo, ni muhimu kufahamu kelele zenyewe hutoka wapi, kwa kuwa nyingi kati yazo zinaweza kuzuiwa na fundi mvumilivu mwenye ngozi, gundi na vipande vya sufu.

Kinanda hiki hakina mabomba kama kile kikubwa cha makanisa makuu. Ndani yake mna vilimi vya shaba, kila kimoja kikiwa kimefungwa upande mmoja juu ya tundu jembamba. Hewa inapopita, kilimi hutetemeka na kutoa sauti. Alexandre-François Debain alisajili hataza ya ala ya namna hii jijini Paris mwaka wa 1842 na kuiita harmoniamu. Baadaye watengenezaji wa Marekani walieneza aina nyingine, ambapo mivukuto haisukumi hewa kuelekea kwenye vilimi bali huifyonza kupitia kwao. Kampuni ya Estey, iliyokuwa Brattleboro katika jimbo la Vermont, ilitengeneza zaidi ya vinanda nusu milioni vya kufyonza kabla ya kufunga milango yake mwaka wa 1960. Wapenzi wa taarabu ya Mombasa wanaifahamu harmoniamu ya kuvukutwa kwa mkono, iliyotoka India. Hiyo ni mjukuu wa hii ya miguu, na mingi ya mitambo inayoelezwa hapa haimo ndani yake.

Aliyewahi kumtazama mhunzi akivukuta moto atauelewa mtambo huu upesi. Mhunzi hutumia viriba viwili kwa zamu ili moto usipoe. Kinanda nacho kina mivukuto midogo miwili, mmoja kwa kila mguu, na juu au nyuma yake pana mvukuto mkubwa ambao ni ghala ya hewa. Katika kinanda cha kufyonza, pedali inapokanyagwa huvuta mkanda, mkanda hufungua mvukuto mdogo, nao hunyonya hewa kutoka kwenye ghala. Mguu ukilegea, springi huufunga mvukuto huo na kuitoa hewa nje. Ili hewa isirudi ilikotoka, pana vali mbili: moja kati ya ghala na mvukuto mdogo, na nyingine kwenye ubao wa nje. Vali hizi si chochote ila vipande vya ngozi vilivyofunika matundu. Kila hatua ya mguu hivyo basi ina mlango mmoja unaofunguka na mwingine unaofungwa.

Kosa la kwanza la wengi ni kuanza kwa kulifunika sanduku zima kwa blanketi. Blanketi huziba njia ya hewa, kinanda kikaishiwa na pumzi, mpigaji akalazimika kukanyaga kwa kasi zaidi, na kelele ikaongezeka. Njia ya busara ni kuifanya hewa itembee polepole, kisha kuhakikisha kwamba hakuna kitu kigumu kinachogonga kitu kigumu.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mvukuto mdogo una ubao wa sentimita 30 kwa 40, yaani sentimita 1,200 za mraba. Ubao huo umefungwa bawaba upande mmoja, na upande wa pili hufunguka sentimita 10. Kwa wastani ufunguzi ni sentimita 5, hivyo kila mkanyago hubeba lita 6 za hewa. Iwapo hewa hiyo itapita kwa sekunde moja katika matundu ambayo jumla ya ukubwa wake ni sentimita 15 za mraba, itakimbia mita 4 kwa sekunde. Matundu yakipanuliwa hadi sentimita 60 za mraba, mwendo hushuka hadi mita 1 kwa sekunde. Kelele ya hewa hupungua kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko mwendo wenyewe unavyopungua, na kwa hivyo kazi ya saa chache kwa keekee na msasa inaweza kuumaliza mhemo uliowasumbua watu kwa miaka. Kingo za matundu nazo zinafaa kuviringwa kidogo, kwani ukingo mkali huikatakata hewa na kuipigisha mluzi.

Hata hivyo, tundu moja kubwa lina ila yake. Ngozi iliyolifunika hulazimika kunyanyuka juu sana ili hewa ipite, na ikirudi huanguka kutoka juu na kupiga kofi. Fundi stadi hulitatua tatizo hilo kwa kutoboa safu ndefu ya matundu madogo chini ya ukanda mmoja wa ngozi. Mlango mrefu na mwembamba hauhitaji kufunguka sana, kwa sababu hewa hutokea kwenye ubavu wake mzima. Na kwa kuwa haukunyanyuka sana, hauna mahali pa kuangukia kwa kishindo.

Aina ya ngozi ni jambo linalostahili uangalifu wa pekee. Inayofaa ni nyembamba na laini, kama ya kondoo, na upande wenye manyoya mafupi kama mahameli ndio unaolazwa juu ya ubao. Manyoya hayo huziba mianya midogo na kuipokea ngozi kama godoro. Ngozi ya kale iliyokakamaa na kujikunja haifai kulainishwa kwa mafuta, kwa sababu mafuta hunasa vumbi na kuharibu mahali pa gundi. Ibanduliwe, iwekwe mpya. Mvuto wake nao una kipimo. Ikikazwa kupita kiasi italia kama ngoma, ikilegea mno itachelewa kufunga, hewa irudi nyuma na kuibamiza ghafla. Mafundi wengi huishikilia kwa gundi na misumari midogo kwenye ncha zake mbili na kuiachia nafasi ya kupumua katikati.

Je, si ingekuwa rahisi zaidi kutengeneza mivukuto mikubwa mno ili mpigaji akanyage mara chache? Hapa ndipo miguu hutoa hukumu. Vinanda hivi hutumia tofauti ndogo ya shinikizo, ambayo mafundi huipima kwa kimo cha maji katika mrija. Tuseme ni sentimita 8 za maji. Hii ina maana kwamba kila sentimita ya mraba ya ubao hubeba gramu 8, na ule ubao wetu wa sentimita 1,200 hubeba karibu kilo 10. Bawaba huchukua nusu ya mzigo huo, na nusu nyingine, takriban kilo 5, huvutwa na mguu, pamoja na nguvu ya springi. Ukubwa wa ubao ukiongezwa maradufu, mguu nao utavuta kilo 10 kwa kila hatua, na wimbo wenye beti 6 utageuka adhabu. Pedali inaweza kurefushwa ili iwe wenzo bora, lakini wenzo mrefu nao huhitaji mwendo mrefu. Mbunifu mwenye hekima huupanua mvukuto kwa kiasi tu, kisha huitafuta nafuu iliyobaki kwa kuziba mianya. Hewa inayovuja ni mikanyago ya bure, na kila mkanyago wa bure ni kelele.

Kuvuja kunapimwa kwa njia nyepesi. Mivukuto hukanyagwa hadi ghala ijae nguvu, miguu ikaondolewa bila kubonyeza kibonye chochote, kisha sekunde zikahesabiwa hadi ghala irejee katika hali yake ya mapumziko. Hesabu hiyo huandikwa kabla na baada ya kila ukarabati. Mahali penyewe panapovuja hutafutwa kwa mrija wa mpira, ncha moja sikioni na nyingine ikipitishwa taratibu kwenye mikunjo, kama daktari anavyosikiliza kifua.

Kitambaa cha mivukuto kwa kawaida ni pamba iliyopakwa mpira. Kikizeeka hupasuka kwenye mikunjo. Kipya nacho kikiwa kizito mno hukataa kukunjika na hutoa mlio wa karatasi, na kosa hili huwapata hata waliokusudia mema. Bora kile chepesi kinachokunjika bila ubishi. Gundi ya ngozi, ile inayoyeyushwa kwa maji ya moto, bado inapendekezwa, si kwa ukale wake, bali kwa sababu fundi wa kizazi kijacho ataweza kuifungua bila kupasua mbao.

Baadhi ya kelele hazihusiani na hewa hata kidogo. Springi husaga ubao katika ncha zake. Unga wa grafaiti, ule uliomo ndani ya penseli, huzinyamazisha. Mhimili wa pedali uliolegea hugonga kila mguu unapopanda, na tiba yake ni kuuvika pete ya sufu iliyoshindiliwa. Mvukuto mdogo unapofika mwisho wa safari yake haufai kugonga mti. Uwekewe kizuizi chenye sufu nene. Bawaba za chuma, zikiwepo, zibadilishwe kwa ukanda wa turubai au ngozi. Kinanda kilichosimama juu ya sakafu ya mbao hukigeuza chumba kizima kuwa ngoma, na zulia chini yake linaweza kufanya kazi kuliko juma zima la useremala.

Limebaki tundu la usalama. Mpigaji akikanyaga kupita kiasi, ghala hugusa kijiti kinachofungua vali ili kuepusha kupasuka. Vali hiyo ikifunguka kwa ghafla hutoa pumzi moja kubwa inayosikika hadi mlangoni. Dawa ni kuifanya ifunguke pole pole, kwa springi laini na tundu linaloanza jembamba kisha likapanuka. Mpigaji naye ajifunze kuusoma mzigo kwa nyayo zake: pedali inapoanza kuwa nzito, ghala imetosheka.

Watunzi wakubwa waliiamini ala hii mahali ambapo hakuna kelele ingeweza kujificha. Gioachino Rossini alipowasilisha Petite messe solennelle katika nyumba moja ya Paris mnamo Machi 1864, ilikuwa ya waimbaji wachache, piano mbili na harmoniamu. Mwaka wa 1878 Antonín Dvořák alitunga vipande vitano vya violini mbili, selo na harmoniamu kwa ajili ya kikundi cha marafiki waliopiga muziki nyumbani. Katika sebule kama hiyo, msikilizaji huketi hatua chache tu kutoka kwa pedali, na leo maikrofoni ya studio huketi karibu zaidi yake.

Kwa sababu hiyo, jaribio la mwisho hufanywa usiku, mji unapokuwa umetulia. Fundi huketi mahali atakapoketi msikilizaji, mwenzake akakanyaga bila kupiga noti yoyote, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Mguu mmoja ukisikika kuliko mwingine, ubao wa nyuma hufunguliwa tena, na kazi huanzia kwenye vali ya upande huo.