Uwakili Hautaki Kukesha

Huku Kwanza, karibu na Kitale, mpwa wangu yumo katika matayarisho ya mtihani wa uwakili wa Kenya School of Law. Karo imetoka kwenye magunia ya mahindi ya mamake, na hilo ndilo limnyimalo usingizi.

Masomo ni 9. Katika kila somo, karatasi ya mwisho ni alama 60 kwa 100. 40 hutokana na kazi za vitendo na mtihani wa mdomo. Basi mzigo huo haubebwi usiku mmoja.

Nilimwambia: “Mjomba, ukishaswali Isha, funga kitabu ulale, ukifungue baada ya Alfajiri.”

Mtume (s.a.w.) alitufunza kuwa mwili una haki juu yetu. Asiyeutimizia haki mwili wake, atawateteaje wenziwe?